Bibi wa Juu na Asubuhi za Idi

Mwanamke huyu alikuwa hapendi watoto. Akisema mwenyewe, kila siku ya Mungu, na akisema huku kamfunga mwanangu mchanga mgongoni kwa kanga yake mpya, na mkono wa pili anamlisha mkubwa uji. "Mie watoto siwataki," atanambia. "Wana kelele, wana makamasi, na adabu hawana. Mchukue huyu wako." Nikinyoosha mikono nimchukue, ananigeuzia ubavu. "Ngoja kwanza amalize usingizi. Una haraka ya nini, unakwenda Hija?"

Sisi tukikaa chini, yeye akikaa juu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, pale mjini, mtaa wa Malindi, kwenye kichochoro ambacho punda mwenye mzigo akipita lazima ujibanze mlangoni. Nilikuja hapo bibi harusi, msichana mdogo wa kisiwa cha Tumbatu, nimevuka bahari mpaka Mkokotoni nikapakiwa gari la shamba, sijui mtu wala njia. Mume wangu alikuwa seremala na akitoka asubuhi harudi mpaka jioni. Basi mtu wangu alikuwa yeye. Alikuwa mjane, hakuzaa, na hilo la kutozaa sikuwahi kumsikia akililalamikia. Watu wazima mtaani walimwita Bi Mkubwa. Wanangu walimwita Bibi wa Juu, na kwetu jina hilo ndilo lililobaki.

Mdomo alikuwa nao, usiniulize. Siku ya kwanza nilipopanda ngazi kwenda kumwamkia, nikasema shikamoo kwa sauti ya chini, kwa haya. Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Wewe ndiye Mtumbatu? Mbona mdogo hivi? Au waliobaki watakuja na gari la kesho?" Nililia nilipofika chini. Baada ya saa moja kikapu kikateremka kwa kamba mbele ya dirisha langu, na ndani mna sahani ya mkate wa kumimina, bado una moto.

Kikapu hicho kilikuwa na habari zake. Alikifunga kamba dirishani kwake ili asipande na kushuka ngazi kwa kila kitu kidogo. Muuza samaki akitia samaki, muuza mboga akitia mchicha, na Bi Mkubwa akibishana nao kutoka juu, kichochoro kizima kikisikia. Lakini mwezi wa Ramadhani ukishaingia kumi la mwisho, kikapu kilikuwa na kazi nyingine. Yeye ndiye mpishi wa vileja, vile vibiskuti vya samli vya Idi, vya nyumba nzima. Akishavipika anavitia kwenye kopo kubwa la bati, analifungia kabatini, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, na anatangaza kuwa mtoto atakayegusa kileja kabla ya Idi atamkata vidole. Alasiri mimi nikiwa nimejinyoosha kidogo, nasikia watoto wanacheka nje kwa kujizuia. Nachungulia: kikapu kinateremka polepole, kina vileja vitatu vimefunikwa kwa jani la mgomba. Watoto wanakula haraka haraka, kikapu kinapanda. Kisha sauti kutoka juu, kali: "Nani kaiba vileja vyangu? Leo nyumba hii hailaliki!"

Kwetu Tumbatu sikuwa nimejua vileja. Idi yetu ilikuwa kuoga, kuvaa, kula wali kwa kuku, kutembeleana, basi, na tukifurahi sana. Nilipomwambia hivyo alikaa kitako. "Toba! Nyie Watumbatu mnasherehekea nini sasa, mwezi au ngalawa?" Akanipandisha juu, akanipa sinia la samli na sukari, akaniambia nipige kwa mkono mpaka iwe nyeupe. Nikapiga. Mkono ukafa ganzi. "Bado," akasema. Nikapiga tena. "Bado. Hiyo si nyeupe, hiyo ni kijivu." Nilipofikia kutaka kulia, akatia kidole, akalamba, kisha akasema, "Haya. Kwa Mtumbatu, si vibaya." Nimesifiwa na watu wengi maishani, ila sifa hiyo naishika mpaka leo.

Kwake yeye Idi ilikuwa ni kazi ya mwezi mzima, na kazi yenyewe ilikuwa watoto. "Idi ni ya watoto," akisema. "Sisi wengine tunapika." Nguo za wanangu akizichagulia kitambaa yeye, na mimi mama yao sikuwa na kauli. Nilitaka buluu, yeye kasema waridi, ikawa waridi. Hina akiwapaka yeye, anawafunga mikono kwa vitambaa na kuwaketisha ukutani, mmoja mmoja, na hadithi za majini ili wasijikune. Na adabu akiwafunza yeye. Alasiri ya mwisho ya mfungo aliwapanga watoto ngazini, yeye akajifanya mgeni. Atatoka nje ya mlango, atapiga hodi, ataingia na buibui lake, atawabana mashavu, atawauliza maswali ya kijinga wanayouliza wageni. Swali moja halikukosa: "Mama yenu kapika nini leo?" Jibu lililotakiwa ni, "Kapika riziki ya Mungu, karibu." Zuhura wangu, mkubwa wao, alikuwa na miaka minne wakati ule. Akajibu, "Kapika wali umeungua." Bi Mkubwa alitoka nje tena, akafunga mlango, na nikamsikia huko nje kwenye ngazi anacheka peke yake mpaka anakohoa. Aliporudi uso umekunjwa. "Mtoto huyu hana adabu," akanambia. "Kakutoa wewe."

Mchana wa Idi mosi anawapa kila mmoja sikukuu yake, senti alizozifunga kwenye pindo la kanga, kisha anatoka nao. Mimi nabaki na mchanga na masufuria, yeye kavaa buibui jipya, mtoto huku na mtoto huku, mpaka Forodhani kusikiliza bendi, kisha Mnazi Mmoja kwenye pembea. Siku moja majirani wakaja kunambia wamemwona Bi Mkubwa juu kabisa ya pembea ya kuzunguka, kashika kamba, buibui linapepea, anapiga kelele. Alipokuja nikamuuliza. "Nilipanda ili mwanao asiogope," akasema. Saidi, wa pili, akadakia, "Mimi sikupanda, Bibi. Mimi nilikuwa chini nakushikia viatu." Akamwambia anyamaze, watu wazima wanazungumza.

Basi huyo ndiye mwanamke aliyekuwa hapendi watoto.

Ila kila Idi, katika yote aliyoyafanya, moja alilitukuza kuliko mengine, nalo ni udi. Asubuhi, wanaume wamekwenda kusali, watoto washaoga josho na kuvaa, wanapandishwa juu. Chumbani kwake chetezo kiko sakafuni kinafuka. Mtoto anasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, ili moshi upande ndani ya nguo mpaka utokee shingoni. Bi Mkubwa kachuchumaa pembeni na koleo, anaongeza kaa la moto, anatia kipande cha udi, anapepea. "Geuka. Simama wima. Usicheke, moshi utakwenda kombo." Mtoto akishatoka mikononi mwake harufu yake inamtangulia kichochoroni. Watu wakisema, huyo katoka kwa Bi Mkubwa. Aliamini kwa dhati kuwa mtoto asiyefukizwa udi hajaingia Idi, hata akivaa dhahabu.

Sasa nije kwenye macho, maana bila ya macho sina cha kusimulia.

Siku niliyotambua kuwa haoni siikumbuki, kwa sababu haikuwa siku moja. Kwanza alianza kuwatungisha watoto sindano, ati anawafunza kushona. Kisha hina, ambayo mkono wake ulikuwa haukosei, ikaanza kuvuka viganja vya mikono na kumwagikia kwenye vifundo. Nikasema uzee. Kisha akawa anasimama dirishani, mtu akipita chini anasema, "Ona yule, kavaa kanzu chafu na siku ya Ijumaa." Nikichungulia, ni mwanamke na buibui. Siku ikafika nikala wali wake nikauma jiwe, nikauma la pili, na yeye alikuwa mtu wa kuchambua mchele punje kwa punje. Nikaweka kijiko.

"Bi Mkubwa," nikamwambia, "macho yako yana nini?"

Alivuta mkeka, akausawazisha, akaupapasa pindo. "Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Naona mwanga. Naona mtu akija, najua ni mtu. Uso wake siuoni. Wako sijauona tangu ulipokuwa na mimba ya Mize."

Mize ndiye mwanangu wa mwisho, na wakati huo alishaanza kutambaa. Nikaanza kulia, akanikemea. "Hebu acha! Sikukwambia ulie. Nimekwambia kwa sababu nataka uniapie."

Alilolitaka lilikuwa hili. Alikuwa na mtoto wa kaka yake, akikaa shamba huko Kiwengwa, mtu mzima, mwema, mwenye mke na minazi michache na ngalawa. Kila Idi pili alikuja mjini kumwangalia shangazi yake na kumletea nazi na samaki wa kukaanga. Na kila Idi pili alimwambia neno hilo hilo: shangazi, mjini una nani, rudi kwetu tukutunze. Alichomjibu ni kuwa anajiweza. "Siku akijua siioni hata ngazi," akanambia, "atanipakia garini jua halijazama. Na haki yake, ni damu yangu. Lakini huko nitakaa barazani kama mzigo, nisubiri kufa. Mimi Idi yangu iko hapa. Wanangu wako hapa." Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akiwaita wanangu wanawe. "Niapie hutomwambia."

Nikaapa. Wallahi nikaapa, na mkono juu ya msahafu wake.

Idi ile ya kwanza baada ya kiapo tulicheka, Mungu atusamehe. Zuhura alikuwa kashakuwa mjanja wa miaka sita, tukamtia katika siri. Mgeni kutoka Kiwengwa alipoketi, Zuhura alikaa nyuma ya Bibi wa Juu, anajifanya anamsuka nywele, kumbe anamnong'oneza sikioni. Yule bwana, bila ya ubaya wowote, akauliza, "Shangazi, unaionaje kofia yangu? Mpya." Zuhura akanong'ona. Bi Mkubwa akainua kichwa. "Kofia nzuri, maua yake ya kijani yamekaa vyema. Kichwa ndicho kile kile." Bwana yule akacheka, akala vileja, akaondoka zake na roho yake safi. Mlango ulipofungwa tukaangukiana sisi wanawake watatu, mmoja wao wa miaka sita, tukacheka mpaka mbavu zinauma. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa mazito zaidi. Hata ule mwanga alikuwa hauoni sawasawa. Ngazi akizipanda kwa kuzihesabu, na mimi nikimpikia kwa siri na kumpandishia, yeye anawaambia watu kuwa kapika mwenyewe. Vileja tulipiga samli pamoja, yeye anatia kidole analamba, na ladha yake ilikuwa haimpotei. Mume wangu akanambia, "Utaficha mpaka lini?" Nikamjibu nshaapa. Akatikisa kichwa, akaenda kazini.

Ikafika asubuhi ya Idi. Mzinga wa kuandama mwezi umeshalia tangu jana, tambi zangu ziko jikoni, nazitazama zisishike chini. Watoto wamepanda juu kwa udi. Nilifikiria kupanda nao. Nilifikiria, Mungu ndiye shahidi wangu, na nikasema tambi zitaungua. Nikawaacha.

Nikasikia ukelele wa Saidi. Mama anaujua ukelele wa mtoto aliyeanguka, na huu haukuwa huo.

Sijui nilivyopanda zile ngazi. Saidi kakaa sakafuni, kanzu yake nyeupe mpya ina tundu jeusi usawa wa paja, na Zuhura anaipiga kwa viganja vyake. Bi Mkubwa kachuchumaa na koleo hewani, kageuza uso huku na huku. Alikuwa akitia kaa kwenye chetezo akakikosa, kaa likaingia ndani ya kanzu ya mtoto. "Nini? Nini? Kimemtokea nini?" anauliza, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

Zuhura akanitazama mimi. Kisha akasema, "Kaanguka, Bibi. Kajikwaa chetezo kaanguka."

"Kaanguka," nikasema na mimi. "Hana neno. Nampeleka chini nimwoshe."

Nikamchukua mwanangu, nikamziba kinywa kifuani kwangu, nikateremka naye. Paja lilikuwa limeungua upana wa kiganja changu. Nikalitia asali, nikalifunga kwa kitambaa safi, na baba yake aliporudi msikitini tukampeleka hospitali, wakamsafisha wakatupa dawa. Juu nilisema kateguka mguu, ndiyo maana hatembei. Bi Mkubwa alishusha kikapu mchana kutwa. Kila mara kina kitu: kileja, chungwa, kipande cha halua. Saidi akavila vyote.

Usiku ule sikulala, na sitaki kueleza zaidi ya hapo. Kulikuwa na mtoto amelala kifudifudi anaguna, na kulikuwa na kiapo. Na Mize naye alikuwa kashaanza kutembea, mwakani angesimama juu ya chetezo kile kile. Ningeweza kumwambia Bi Mkubwa mwenyewe, "Usiwafukize tena wanangu." Nilijaribu kuyatamka maneno hayo peke yangu, hayakutoka. Ningemwua.

Idi pili mtoto wa kaka yake akaja. Nilimngoja mlangoni. Hakuwahi hata kuweka nazi chini. Nikamwambia, "Kaka, shangazi yako haoni. Haoni kitu. Muda mrefu sasa. Mchukue." Nikaingia ndani nikafunga mlango wangu.

Nilimsikia akipanda. Nikangoja kelele. Bi Mkubwa ninayemjua angepasua nyumba ile kwa maneno, angemrushia bati la vileja. Sikusikia kitu. Baada ya saa moja wakashuka, yeye kashika bega la yule bwana, kijibegi kimoja tu. Alipita mbele ya mlango wangu. Watoto walitoka wakamshika buibui, Saidi anachechemea. Akawapapasa vichwa mmoja mmoja. "Msivimalize vileja leo," akasema. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakuniaga. Hakusema hata lile lake la Mtumbatu.

Jamani, nilijua kuwa nimefanya la haki na nilijua kuwa nimefanya khiyana, na sikuweza kulitoa hili nikabaki na lile. Alikuja mpangaji mwingine juu, mtu mwema, mkimya, hana kikapu. Idi ikaja, nikapiga samli mwenyewe mpaka ikawa nyeupe, na hakukuwa na wa kunambia bado. Watoto wakauliza lini tutakwenda kwa Bibi. Nikasema gari zimejaa. Mwaka wa pili nikasema mvua. Mume wangu alinitazama tu. Mwaka wa tatu, asubuhi ya Idi tatu, alikuja na tikiti mkononi za gari la shamba, za watu wanne, akaziweka juu ya meza. "Mimi nabaki," akasema. "Wewe nenda kamalize shughuli yako."

Tukashuka Kiwengwa adhuhuri, tukauliza, tukaonyeshwa. Nyumba ya makuti, kiwanja kimefagiwa, na yeye kakaa barazani juu ya mkeka anasuka ukili wa mkeka. Kakonda. Kanga yake safi. Vidole vinakwenda vyenyewe, na kichwa kakiinua kama anayesikiliza mzungumzaji mbali. Watoto wa nyumba ile, wanne au watano, wamejazana kumzunguka, na mmoja kamlalia mapajani.

Hatujapiga hodi akasema, "Simameni hapo." Tukasimama. "Anayeburura kiatu ni Zuhura. Nilimkataza, hakusikia. Yule mzito ni Saidi, kala sana. Kuna kidogo sikijui, hicho kitakuwa Mize." Akageuza sikio upande wangu. "Na yule wa nyuma anayepumua kwa tabu kwa sababu ya madhambi yake, ni Mtumbatu."

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nikasema.

"Marahaba. Idi njema. Umechelewa miaka mitatu, gari liliharibika?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri njia nzima. Yote yakapotea. Nikapiga magoti mbele yake palepale mchangani. "Ni mimi niliyemwambia," nikasema. "Niliapa nikavunja. Ni mimi."

"Najua. Mtoto wa kaka yangu hajui kusema uongo. Garini tu, hatujafika hata Mtoni, keshanieleza."

"Basi nitukane."

"Nikutukane?"

"Nitukane, Bi Mkubwa. Nnakuomba."

Akaweka ukili chini. Akajiweka sawa. Na akanitukana, jamani. Aliniita mchimvi, aliniita mla chumvi asiye haya, alisema nilikuja mjini sijui hata kufunga buibui, kwamba tambi zangu ni gundi, kwamba kama si yeye wanangu wangekuwa wanatembea kwa mikono na miguu. Aliwapitia watu wa Tumbatu wote, wazima na waliokufa, na kuku wao. Watoto wakaanza kucheka, wa kwao na wa kwangu, wanaangukiana. Mimi nalia na kucheka pamoja, na kila tusi lilinitoa kitu kifuani. Mwisho akachoka. Akavuta pumzi.

"Paja la mtoto lilipona?" akauliza.

Nikafuta machozi kwa kanga.

"Nakuuliza. Lilipona?"

"Paja gani, Bi Mkubwa? Mguu uliteguka..."

"Hebu wee! Udi naujua unavyonuka. Na kitu kingine nilichokisikia harufu yake asubuhi ile nakijua vilevile." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mlisema kaanguka, nikanyamaza, kwani ningesema nini? Nilikaa siku nzima na usiku kucha namngoja mtoto wa kaka yangu, nimwambie mwenyewe anichukue. Nimekata shauri kabisa. Namsikia anapanda ngazi, naufungua mdomo, haufunguki. Akaanza yeye: shangazi, nimeambiwa. Nikajua nani kanisemea maneno yangu. Nikasema haya."

"Mbona hukuniaga?" Hilo ndilo lililokuwa likinila miaka yote mitatu.

"Ningekuaga ningelia, na watoto wangeniona, na siku yenyewe Idi." Akageuza uso. "Yuko wapi huyo mtoto?"

Saidi alikuwa na miaka minane, umri wa kuona haya kwa kila kitu. Alisogea mwenyewe. Akapandisha kanzu, akaushika mkono wa Bibi wa Juu, akauweka juu ya kovu. Mkono ule ukakaa pale. Vidole vilitembea ukingoni mwake polepole, vikarudi, vikatembea tena.

"Nisamehe, baba," akamwambia.

"Haliumi, Bibi," Saidi akasema. Akamtazama, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kiganja. "Nipe sikukuu yangu. Na za miaka miwili nyuma."

Bibi wa Juu akaangua kicheko na machozi yanamtiririka mashavuni, hakuyafuta, mikono yake miwili ilikuwa ishaanza kupapasa pindo la kanga, inafungua fundo.